Mtu wa suti nyeupe: shajara ya simulizi ya sauti juu ya Jim Leavelle

3 Septemba

Tumeanza. Mradi wenyewe ni simulizi moja ya sauti kwa Kiswahili, ya dakika 40 hivi, juu ya maisha ya James Robert Leavelle, aliyekuwa mwanamaji wa Marekani na baadaye kachero wa polisi wa jiji la Dallas, jimbo la Texas. Alifariki dunia tarehe 29 Agosti 2019, siku 6 baada ya kutimiza miaka 99. Jina lake si wengi wanaolijua. Sura yake imeonwa na dunia nzima: ni yule bwana mrefu mwenye suti nyeupe na kofia pana, aliyefungwa pingu moja na Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya Rais John F. Kennedy, wakati Jack Ruby, mwenye klabu ya usiku mjini humo, alipojitokeza na bastola na kumpiga Oswald risasi, tarehe 24 Novemba 1963.

Picha hiyo nimekua nayo. Baba yangu alikuwa polisi, na tulipokuwa tukiishi kota aliikata kwenye gazeti la zamani akaibandika kwa ndani, kwenye mlango wa kabati la nguo, chini ya ratiba yake ya zamu. Wageni wakiiona humtazama Oswald anayekunja uso kwa maumivu, au Ruby aliyeipa kamera mgongo. Baba alikuwa akiweka kidole juu ya yule wa suti nyeupe. "Huyu hapa yuko kazini," anasema, kisha anafunga kabati.

Ninachotaka kufanya ni hicho tu. Mtu ameishi karibu miaka 100, na sisi tumembakiza ndani ya sekunde moja. Nataka kumtoa humo, nimrudishie miaka yake, bila kuificha sekunde yenyewe.

Tuko watatu. Mimi naandika, dada yangu anasoma, na kijana mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, anayerekodi kaswida ndiye fundi sauti. Baba ndiye msikilizaji wa kwanza. Tumekubaliana kwamba hakuna kitu kitakachotoka kabla hajakisikia.

6 Septemba

Rasimu ya kwanza ilianzia Dallas, kwenye chumba cha chini cha jengo la polisi, na kelele za waandishi wa habari. Nimeifuta. Ukianza hapo, msikilizaji anakaa akisubiri mlio wa risasi, na yote yanayofuata anayasikia kwa sikio moja. Tutaanzia alikozaliwa: Red River County, kaskazini mashariki ya Texas, tarehe 23 Agosti 1920. Ni kaunti ya mashamba, iliyopakana na mto ambao ng'ambo yake ni Oklahoma. Kijana wa shamba aliyekulia mbali na bahari, miaka ya dhiki ya uchumi, anamaliza shule na kujiunga na jeshi la wanamaji. Dada amesema mwanzo huu una utulivu wa mtu anayekaribishwa kiti kwanza kabla ya kuulizwa habari. Tumeuacha hivyo.

9 Septemba

Siku nzima imekwenda kwenye neno moja.

Leavelle alihudumu kwenye meli iitwayo USS Whitney. Haikuwa manowari ya kupigana kwa maana tuliyoizoea. Kazi yake ilikuwa kuzihudumia manowari ndogo za kasi: zinakuja ubavuni, zinafungwa kwake, zinapewa umeme, mvuke, maji, vipuri, risasi na mafundi. Sasa meli ya namna hiyo tuiiteje? Nilikuwa nimeandika "meli ya huduma", na dada alipoisoma nikaona akili inakwenda kwenye feri ya Pangani.

Nikaenda kwa jirani yetu, mzee aliyestaafu Kamandi ya Wanamaji ya Kigamboni. Baada ya shikamoo na chai nikamweleza. Hakufikiri hata kidogo. "Hiyo ni meli mama, mwanangu. Watoto wanalala ubavuni, wananyonya." Akachukua kibiriti akakilaza mezani, kisha akapanga njiti 5 kandokando yake, zimegusana, na kunionyesha jinsi kamba zinavyopitishwa kutoka njiti ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimwambia kwamba asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, pale Pearl Harbor, Hawaii, Whitney ilikuwa imefungwa na manowari 5 hasa: Conyngham, Reid, Tucker, Case na Selfridge. Mzee akazitazama njiti zake. "Basi hapo hakuna anayeondoka haraka," akasema. "Watoto wanatumia umeme wa mama. Kwanza wawashe moto wao wenyewe."

Maelezo hayo yameingia kwenye simulizi kama alivyoyasema, pamoja na kibiriti. Ndege za Japani zilianza kushambulia saa 1:55 asubuhi. Wamarekani 2,403 waliuawa siku ile, na 1,177 kati yao walikuwa kwenye meli moja tu, Arizona. Katikati ya hayo, kazi ya mabaharia wa Whitney ilikuwa kuwapitishia wale watoto risasi na vifaa ili waweze kupiga na kutoka. Leavelle alikuwa na miaka 21.

Sijamwekea maneno mdomoni. Inatosha kwamba alikuwepo, na kwamba tunajua meli yake ilifanya nini.

12 Septemba

Dada aliposoma sehemu ya Hawaii akanyamaza, kisha akauliza: "Weusi walikuwemo humo?"

Ni swali ambalo kila msikilizaji wetu atakuwa nalo, na kulikwepa kungekuwa kumdanganya. Walikuwemo. Lakini jeshi la wanamaji la Marekani la mwaka 1941 liliwapangia jikoni na mezani: kupika, kuandalia maofisa chakula, kuwafulia, kuwang'arishia viatu. Kwenye meli West Virginia, bandari hiyohiyo, asubuhi hiyohiyo, alikuwepo Doris Miller, mtoto wa wakulima wa Texas kama Leavelle, kutoka Waco, aliyemzidi umri kwa miezi 10 tu. Alikuwa mhudumu wa mezani. Alisaidia kumhamisha nahodha wake aliyejeruhiwa vibaya, kisha akashika bunduki kubwa ya mtutu ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia, akazipiga ndege. Mwaka 1942 Admirali Nimitz alimvisha nishani ya ushujaa ya Navy Cross, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata.

Miller hakuimaliza vita. Alikufa meli yake, Liscome Bay, ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani, tarehe 24 Novemba 1943.

Niliitazama tarehe hiyo mara tatu. Ni miaka 20 kamili, siku kwa siku, kabla ya ile asubuhi ya Dallas.

Tumempa Miller dakika 2. Fundi sauti aliona tunatoka nje ya njia; mimi naona njia ndiyo hiyo. Huwezi kumkumbuka mwanamaji wa Texas wa mwaka 1941 bila kusema jeshi alilotumikia lilikuwaje, nani alipewa ngazi ya kupanda na nani alipewa sahani za kuosha. Leavelle hakuzipanga sheria hizo. Alivaa sare zake.

13 Septemba

Kunguru. Dakika 6 za rekodi zimeharibika. Kuanzia kesho tunarekodi baada ya isha, na fundi ataleta godoro la pili la kuzibia dirisha.

15 Septemba

Sehemu fupi kuliko zote, na Baba ameipenda kuliko zote. Bahari ilichafuka, Leavelle akaanguka kutoka kwenye ngazi ya meli akaumia, akapelekwa hospitali ya wanamaji California. Muuguzi mmoja hapo aliitwa Taimi. Wakaoana.

Baba alicheka peke yake. "Japani haikumpata, kapatwa na ngazi," akasema, kisha akaniagiza nisiongeze neno hapo.

20 Septemba

Miaka ya polisi. Leavelle aliingia jeshi la polisi la Dallas mwaka 1950 na kustaafu mwaka 1975. Alianza doria kama wote, akaenda upelelezi, mpaka akafika kitengo cha mauaji na ujambazi chini ya Kapteni Will Fritz. Makachero wa Fritz walijulikana kwa zile kofia pana za rangi nyeupe. Ukiiona kofia kwenye umati wa mtaani ulijua mtu ameuawa.

Hapa ndipo nilipogundua kwamba picha imetuficha jambo kubwa. Watu wengi wanadhani Leavelle alikuwa kwenye kesi ya Rais Kennedy. Jalada alilokabidhiwa lilikuwa la polisi mwenzake.

Ijumaa, tarehe 22 Novemba 1963, Kennedy alipigwa risasi saa 6:30 mchana. Dakika kama 45 baadaye, upande mwingine wa jiji, mtaa wa Oak Cliff, askari wa doria J. D. Tippit alimsimamisha kijana mmoja aliyekuwa akitembea kwa miguu. Akashuka kwenye gari. Akapigwa risasi 4. Alikuwa na miaka 39, naye pia askari wa zamani wa Vita vya Pili vya Dunia, wa miamvuli. Oswald alipokamatwa ndani ya jumba la sinema la Texas Theatre, kosa lililowapeleka polisi pale lilikuwa hilo la Tippit. Leavelle ndiye aliyekaa na mashahidi na kuwasimamia kwenye gwaride la utambulisho.

Nilimsomea Baba sehemu hii jioni, barazani. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo Jumapili ile," akasema polepole, "amefungwa pingu na mtu anayetuhumiwa kumuua mwenzake wa lindo."

"Ndiyo, Baba."

"Na anamlinda."

"Ndiyo."

Baba alitumikia miaka 31. Ninamjua kwa sauti tatu nne hivi, na hii sikuwahi kuisikia. Akasema: "Mahabusu ni amana. Akishaingia mkononi mwako, hata kama kamuua ndugu yako, ni amana mpaka umfikishe." Akaeleza kwamba jambo hilo lilisemwa kila asubuhi kwenye gwaride, na kwamba si kila askari aliyelisikia alilishika, na yeye mwenyewe alipata kuwaona walioivunja amana hiyo. Hilo la mwisho alilisema akiangalia barabarani. Sikuuliza.

Nimebadilisha muundo wa nusu ya pili yote. Haitakuwa tena habari ya risasi. Itakuwa habari ya amana.

22 Septemba

Saa. Inabidi niandike hili ili mwingine asije akapotea kama sisi.

Maandishi yote ya Dallas yanasema Oswald alipigwa risasi 11:21. Niliandika 11:21 kwenye karatasi, dada akasoma "saa kumi na moja na dakika ishirini na moja", na hakuna kati yetu watatu aliyeshtuka, kwa sababu sote tulikuwa tunasikiliza sauti na si maana. Tumemuua Oswald jioni, karibu na magharibi. Nilikuwa najiandaa kulala ndipo nikaketi kitandani. Ni saa 5:21 asubuhi. Nimepitia karatasi zote 19 na kuandika kila saa kwa maneno: saa sita na nusu mchana, saa tano na dakika ishirini na moja asubuhi, saa saba na dakika saba mchana. Sehemu mbili zitarekodiwa upya.

Kwetu hapa ilikuwa saa 2:21 usiku wa Jumapili. Nimeiweka hiyo pia, maana kifo cha Kennedy hakikuwa habari ya mbali kwa wazee wetu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameketi naye Ikulu ya Washington mwezi Julai mwaka uleule.

27 Septemba

Leo Baba ametufundisha kitu ambacho hakiandikiki kirahisi, lakini nitajaribu.

Nilikuwa nimeandika: "Leavelle alimvuta Oswald lakini alichelewa." Baba akakataa neno "alichelewa". Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kamba ya katani, akafunga kifundo changu cha mkono wa kulia na kifundo chake cha mkono wa kushoto, vikiwa vimeachana kiasi cha upana wa kiganja.

"Kwa nini mkono wako wa kushoto?" nikauliza.

"Wa kulia ubaki huru. Ndiyo kazi yake."

Ndivyo alivyofungwa Leavelle, kushoto kwake kwa kulia kwa Oswald. Kisha tukatembea. Kutoka chumbani, kupitia kwenye ukumbi mwembamba, kwenda sebuleni. Hatua 4 za kwanza nilikuwa najikwaa; yeye anatembea kwa mwendo wake nami kwa wangu, na kamba ikibana kila tukitofautiana. Hatua ya 7 tukapatana. Nikahisi jambo la ajabu, kwamba najua atakapoweka mguu kabla hajauweka. Hapo ndipo dada, ambaye Baba alikuwa amempanga bila mimi kujua, alipochomoka nyuma ya friji na mwiko mkononi.

Baba alinivuta. Kwa nguvu zote za mzee wa miaka 74, alinivuta kwa kamba na kwa mkono wake mwingine akasukuma bega la dada. Mwiko ulikuwa umeshanigusa tumbo.

Tukasimama tukihema. Kamba ya katani ilikuwa imenichubua pande zote mbili za kifundo.

"Umeona," Baba akasema. "Mtu aliyefungwa na wewe ni mzito. Hawezi kuruka, nawe huwezi kuruka. Ukimvuta anakuja nusu. Bwana yule hakuchelewa. Alifanya kinachowezekana kufanyika."

Leavelle mwenyewe alieleza hivyo miaka yote: alimwona Ruby na bastola, akajaribu kumvuta Oswald nyuma yake, akamsukuma Ruby begani, na alichoweza ni kumgeuza Oswald kidogo tu. Sentensi yangu nimeifuta. Sasa inasema: "Alimvuta, na Oswald akaja nusu."

1 Oktoba

Nimemaliza kuandika chumba cha chini. Nayaweka hapa kwa kifupi, jinsi yatakavyosikika.

Polisi walikuwa wamewatangazia waandishi wa habari kwamba Oswald atahamishiwa jela ya kaunti asubuhi ile. Leavelle hakupenda. Alipendekeza wamtoe kupitia ghorofa iliyo usawa wa barabara, mlango wa Main Street, wawe wameondoka kabla watu waliojazana chini hawajajua. Pendekezo halikupita, kwani mkuu wa polisi alikuwa ameshawapa waandishi ahadi. Nimelipa jambo hili nafasi kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu ni askari wa ngazi ya chini aliyeona hatari, akaisema kwa waliomzidi cheo, wakamkatalia, kisha yeye ndiye aliyetumwa kuipitia njia hiyo akiwa amefungwa pingu.

Kabla ya kutoka alimwambia Oswald, nusu ya utani, kwamba kama kuna atakayempiga risasi basi anaomba awe na shabaha nzuri kama yake. Oswald akajibu kwamba hakuna mtu atakayempiga risasi. Wakashuka kwa lifti. Taa za kamera zikawamulika machoni.

Risasi ilikuwa moja. Televisheni ya NBC ilikuwa inaonyesha moja kwa moja. Leavelle alipanda gari la wagonjwa pamoja na Oswald mpaka hospitali ya Parkland, ileile alikofia Kennedy siku mbili kabla, na Oswald akafariki saa saba na dakika saba mchana.

Kuhusu picha nimeandika aya moja. Wapiga picha wawili walibonyeza. Jack Beers wa Dallas Morning News aliwahi kwa sehemu 6 za kumi za sekunde: kwenye picha yake Ruby amenyoosha bastola na Leavelle na Oswald bado hawajashtuka. Robert Jackson wa Dallas Times Herald alibonyeza risasi ilipoingia. Jackson ndiye aliyepata tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer mwaka 1964. Baba alipoziona zote mbili kwenye simu yangu, alikaa na ile ya Beers muda mrefu zaidi. Alitaka kuona macho ya Leavelle yalikuwa yanaangalia wapi kabla.

5 Oktoba

Kila ninayemweleza mradi huu ananiuliza nani hasa alimuua Kennedy. Nimeamua kusema sentensi mbili tu. Tume ya Warren, iliyoundwa na serikali kuchunguza mauaji hayo, ilihitimisha mwaka 1964 kwamba Oswald alifanya peke yake; kamati ya Bunge la Marekani ikasema mwaka 1979 kwamba yaelekea palikuwa na njama. Leavelle, aliyekaa na Oswald kwenye chumba cha mahojiano, alibaki na msimamo mpaka mwisho kwamba alikuwa peke yake. Basi. Atakayetaka zaidi yapo mengi mno kwingine. Ninamwandika mtu, na mjadala huo umekuwa ukimeza watu wote waliousogelea.

11 Oktoba

Tumerekodi sehemu ya Ruby. Siku iliyofuata, Leavelle alikuwa miongoni mwa waliomhamisha Ruby mwenyewe kwenda jela ya kaunti. Safari hii hakuna aliyetangaziwa. Alisimulia kwamba alimuuliza Ruby kwa nini alifanya vile, na Ruby akajibu kwamba alitaka kuwa shujaa, na anaona kama ameharibu tu. Amana ya pili katika siku mbili, na hiyo ilifika. Ruby alihukumiwa kifo mwaka 1964, hukumu ikatenguliwa mwaka 1966, akafa kwa maradhi Januari 1967 akisubiri kesi mpya. Palepale Parkland.

Dada aliposoma "akasema ameharibu tu" sauti ilimkatika kidogo. Fundi akataka arudie. Nimesema ibaki.

16 Oktoba

Miaka ya baadaye, dakika 5. Tulikuwa na dakika 2, nikapigania.

Baada ya kustaafu mwaka 1975 aliendesha biashara yake ya kupima ukweli wa maneno ya watu kwa ile mashine yenye nyaya za kifuani na vidoleni. Aliishi Garland, pembezoni mwa Dallas. Alisimulia habari ile kwa wanafunzi, kwa wanahistoria, kwa yeyote aliyepiga hodi, kwa zaidi ya nusu karne, bila kujikweza. Mwaka 2013, alipokuwa na miaka 93, polisi wa Dallas waliipa tuzo yao ya kachero bora wa mwaka jina lake. Nimeisisitiza hiyo. Waliompa heshima hiyo walikuwa polisi wenzake, na tuzo ni ya kazi ya kila siku: kufuatilia mashahidi, kuandika maelezo, kurudi tena kesho.

Suti na kofia vimewekwa kwenye makumbusho ya Dallas, ndani ya jengo ambalo risasi za kumpiga Kennedy zilitokea, ghorofa ya 6. Na suti yenyewe si nyeupe. Ni ya rangi ya mchanga mkavu. Picha isiyo na rangi ndiyo iliyoifanya nyeupe. Dada akauliza kama tubadilishe jina la simulizi. Nimesema hapana, tutaliacha, na dakika ya 37 msikilizaji ataambiwa.

21 Oktoba

Baba amesikiliza yote, dakika 44, kwa spika, taa imezimwa ili mbu wasiingie. Hakukohoa hata mara moja. Ilipokwisha alikaa, kisha akaniomba simu, akaifungua ile picha ya Jackson, akaikuza kwa vidole viwili.

"Na huyu?"

Kidole chake hakikuwa juu ya suti nyeupe. Kilikuwa upande wa pili wa Oswald.

"Huyo ni L. C. Graves, Baba. Kachero mwenzake."

"Alifanya nini?"

Nilijua jibu. Graves ndiye aliyeidaka bastola ya Ruby mkononi mwake na kuibana hadi akamnyang'anya, isitoke risasi ya pili. Pale chini palikuwa pamejaa watu, na Leavelle alikuwa umbali wa mkono mmoja. Kwenye karatasi zangu zote 19 nilikuwa nimemtaja mara moja, kwenye orodha ya waliokuwepo.

"Aliishika bastola," nikasema.

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Baba akanirudishia simu. "Mmemtoa mmoja," akasema, "huyu mmemwacha humo humo."

23 Oktoba

Usiku wa jana tumeongeza dakika 3 za Graves, kuanzia dakika ya 29, kabla ya gari la wagonjwa. Dada alisoma mara moja tu, bila kukosea. Jumla sasa ni dakika 47. Fundi anasafisha upepo wa feni kesho, Jumamosi Baba atasikiliza tena kuanzia dakika ya 29, na akiridhika tunaiachia jioni hiyohiyo.